Henza na Jarari: Hesabu Iliyofichika katika Kamba za Jahazi

Miongoni mwa maneno yanayopotea haraka katika nyumba zetu za ughaibuni ni maneno ya kamba. Mtoto aliyezaliwa Maskati, Dubai, London au Toronto bado husikia jahazi, tanga na nahodha, kwa kuwa maneno hayo yamo katika hadithi na methali za wakubwa wake. Lakini henza, jarari, gofia, abedari na demani yamebaki vinywani mwa wazee wachache waliowahi kufanya kazi chomboni au kukulia karibu na bandari. Wakiondoka hao, yatabaki katika kamusi za zamani tu, kila neno na maelezo yake ya mstari mmoja.

Katika makala haya tutachukua maneno mawili kati ya hayo, henza na jarari, tuyasome kwa fizikia ya skuli ya sekondari. Kamusi hutuambia kwamba henza ni kamba nene na jarari ni kamba nyembamba zaidi, na kwamba zote mbili hutumika kupandisha tanga kubwa. Haituambii kwa nini moja iwe nene na nyingine nyembamba, ilhali zinabeba mzigo mmoja. Jawabu limo katika hesabu za kapi, na mwenye kuijua hesabu hiyo anaweza kuitazama picha ya kale ya jahazi na kusoma ndani yake mambo ambayo hakuna aliyeyaandika.

Kamba mbili, mzigo mmoja

Tanga la jahazi hufungwa kwenye foromali, mti mrefu unaopandishwa kwa mshazari juu ya mlingoti. Katika vyombo vikubwa foromali haikuwa mti mmoja. Ilikuwa miti miwili au zaidi iliyolazwa pamoja na kukazwa kwa kamba, na urefu wake uliweza kukaribia urefu wa chombo chenyewe. Kuipandisha hakukuwa kazi ya mara moja kwa safari nzima. Upepo ukizidi, foromali huteremshwa, tanga kubwa huvuliwa na dogo hufungwa mahali pake, kisha foromali hupandishwa tena, hata ikiwa ni usiku na bahari imechafuka.

Kamba ya kwanza katika kazi hiyo ni henza. Imefungwa kwenye foromali, inapanda hadi kilele cha mlingoti, inapita juu ya roda, yaani gurudumu la kapi lililowekwa huko juu, kisha inateremka upande wa pili. Henza haifiki mikononi mwa mabaharia. Kwenye ncha yake ya chini hufungwa kapi kubwa iitwayo gofia. Hapo ndipo inapoingia kamba ya pili, jarari. Hiyo huzunguka mara kadhaa baina ya gofia na kapi nyingine iliyofungwa chini chomboni, abedari, na ncha yake ndiyo inayoshikwa na watu. Wakivuta jarari, gofia inashuka kuelekea abedari, henza inashuka pamoja nayo, na foromali inapanda.

Majina haya hayakutumika kwa namna moja kila bandari, na wako waliosema kapi tu kwa zote. Lakini mpangilio ni uleule. Mwenye kujua Kiarabu atasikia ndani ya jarari kitenzi jarra, kuvuta. Na mabaharia wa Ghuba walikuwa na farman pale tunaposema foromali. Kamba hizi zilivutwa na watu wa pwani zote mbili, mara nyingi ndani ya chombo kimoja.

Mkazo wa kamba ni nini

Ili hesabu iende, tuchukue foromali na tanga lake kuwa na tungamo la kilo 600. Namba hii tumeichagua kwa ajili ya mfano, ili hesabu iwe nyepesi. Dunia huvuta kila kilo moja kwa kani ya takriban nyutoni 9.8. Tukiikadiria kuwa 10, uzito wa foromali yetu ni nyutoni 6,000.

Foromali ikiwa imening'inia na haiendi popote, henza lazima iivute juu kwa kani ileile ambayo dunia inaivuta chini, nyutoni 6,000. Kani hii inayopita ndani ya kamba ndiyo tunayoiita mkazo. Njia nyepesi ya kuufahamu mkazo ni kuwaza kwamba umeikata kamba mahali popote, kisha ukazishika ncha mbili, moja kwa kila mkono, ili mzigo usianguke. Kila mkono utahisi mvuto uleule, mmoja ukivutwa huku na mwengine kule. Mkazo basi haukai kwenye ncha ya juu wala ya chini. Umo katika kila shibiri ya kamba.

Kutokana na hilo tunapata kanuni ya kwanza: kamba moja iliyo nyepesi, ikipita juu ya roda inayozunguka bila kukwama, ina mkazo mmoja pande zote mbili za roda. Roda hugeuza mwelekeo wa kamba. Haipunguzi mkazo.

Hapa ndipo watu wengi hukosea wanapoizungumzia kapi. Hudhani kwamba kapi iliyofungwa juu ya mlingoti humpunguzia baharia mzigo. Haimpunguzii hata kidogo. Henza inayopanda na henza inayoteremka zote zina mkazo wa nyutoni 6,000. Faida yake ni kwamba mtu aliyesimama chini anaweza kuvuta kwenda chini ili kitu kipande juu, na hiyo si faida ndogo, kwa kuwa mwili wake unamsaidia. Lakini mlingoti ndio unaolipa. Kilele chake kinavutwa chini na pande zote mbili za henza, 6,000 kwa 6,000, jumla nyutoni 12,000, mara mbili ya uzito wa foromali. Ndiyo maana mafundi waliutunza sana mwashiri, gogo lililo chini chomboni ambamo mlingoti husimama. Nguvu yote hiyo huishia hapo.

Kapi inayokwenda

Gofia ni kapi ya namna nyingine, kwa kuwa yenyewe inasogea pamoja na mzigo. Tuseme jarari inapita mara nne baina ya gofia na abedari. Basi kuna mapito manne ya kamba yanayoivuta gofia kwenda chini, na kwa kanuni yetu ya kwanza yote manne yana mkazo mmoja, kwani ni kamba ileile. Mapito manne kwa pamoja yanatakiwa kuishinda henza yenye nyutoni 6,000. Kila moja basi linabeba robo yake, nyutoni 1,500.

Hilo ndilo jawabu la swali letu. Henza inabeba mkazo wote, kwa hiyo lazima iwe nene. Jarari inabeba robo tu. Tena tunaweza kusema ni nyembamba kwa kiasi gani. Uwezo wa kamba unafuata eneo la mkato wake, na eneo hilo hufuata kipenyo kikizidishwa kwa chenyewe. Kamba yenye robo ya mkazo inahitaji robo ya eneo, yaani nusu ya kipenyo. Henza ya kipenyo cha sentimita sita ingelingana na jarari ya sentimita tatu, zikiwa zimesokotwa kwa malighafi moja. Na kamba ya sentimita tatu ndiyo inayokaa vizuri katika kiganja cha mtu. Ile ya sita haishikiki. Waliozitengeneza hawakuandika mlinganyo wowote, ila kamba iliyokatika na kamba iliyoteleza mkononi ziliwafundisha vya kutosha.

Kapi lakini haimpi mtu kitu bure. Foromali ikipanda mita 10, kila moja ya mapito manne ya jarari lazima ifupike kwa mita 10, kwa hiyo mabaharia wanapaswa kuvuta mita 40 za kamba. Zidisha: nyutoni 6,000 kwa mita 10 ni jouli 60,000, nyutoni 1,500 kwa mita 40 ni jouli 60,000 vilevile. Kazi haikupungua. Imetandazwa tu juu ya urefu mkubwa zaidi, kama mtu anayeshindwa kulibeba gunia zima akaamua kulihamisha kwa pishi.

Roda za mti na watu wanane

Hesabu hiyo ni ya roda isiyo na msuguano, nayo haipo duniani. Roda za majahazi zilikuwa za mti, zikizunguka juu ya pini, zikipakwa mafuta na kulowa maji ya chumvi. Tuseme kamba inapoteza sehemu moja ya kumi ya mkazo wake kila inapopita kwenye roda. Kabla ya kupoteza chochote, nyutoni 1,500 zinapatikana kwa watu watano, kila mmoja akivuta nyutoni 300. Sasa henza itapoteza kidogo juu ya mlingoti, na jarari itapoteza kidogo mara nne, kila pito likiwa dhaifu kuliko lililotangulia. Ukizijumlisha hasara hizo zote, ncha ya jarari inahitaji takriban nyutoni 2,150 ili foromali ianze kupanda. Watu watano hawatoshi tena. Wanatakiwa wanane.

Hapo tunaona pia kwa nini mtu hawezi kuendelea kuongeza roda bila mwisho. Kila roda mpya inaleta pito jipya, lakini pito hilo linafika likiwa limechoka, na kamba ya kuvuta inazidi kuwa ndefu.

Tunaona vilevile kazi ya wimbo. Katika vyombo vya Ghuba palikuwa na nahham, muimbaji aliyeongoza sauti wakati wa kuvuta, na mabaharia wetu wa Afrika Mashariki nao walivuta kwa kuitikiana. Wageni waliosafiri nao waliliona hilo kama burudani ya bahari. Tuweke namba. Watu kumi na wawili, kila mmoja na nyutoni 300 zake, wakivuta kwa pamoja wanatoa nyutoni 3,600, na foromali inakwenda. Nusu yao wakivuta huku nusu wanapumua, zinapatikana nyutoni 1,800. Zinahitajika 2,150. Kumi na wawili wenye nguvu wanahangaika, jasho linawatoka, na foromali haitikisiki. Wimbo ndio uliofanya nguvu zijumlishike. Muimbaji alikuwa na nafasi yake katika hesabu sawasawa na roda.

Mchapuko: kamba inapoanza kwenda

Mpaka hapa tumezungumzia foromali iliyotulia, au inayopanda kwa kasi isiyobadilika, ambayo katika hesabu ya kani ni mamoja. Mambo hubadilika pale kasi yenyewe inapobadilika. Mabadiliko ya kasi kwa kila sekunde huitwa mchapuko, na kanuni ya Newton, iliyochapishwa mwaka 1687, inasema kwamba kani inayobaki baada ya kutoa zinazopingana ni sawa na tungamo mara mchapuko.

Foromali yetu ikianza kupanda kwa kuongeza kasi ya mita moja kwa sekunde katika kila sekunde, henza inapaswa kubeba uzito na pia kuuchapusha. Kilo 600 mara (10 kuongeza 1) ni nyutoni 6,600. Ikianza kushuka kwa mchapuko huohuo, mkazo ni kilo 600 mara (10 kutoa 1), yaani 5,400. Kwa hiyo mkazo wa kamba si uzito wa mzigo. Ni uzito pamoja na kile kinachotendwa na huo uzito wakati huo.

Mwaka 1784 George Atwood wa Cambridge alichapisha kitabu kilichoeleza mtambo unaolionyesha jambo hili waziwazi: roda moja, uzi mmoja, na vizito viwili visivyolingana. Tuuhamishie mtambo huo kwenye ghala la bandarini. Gunia la kilo 100 limepandishwa hadi ghorofani kwa kapi iliyofungwa kwenye boriti. Wenzake wameiachia kamba, amebaki nayo hamali mmoja wa kilo 60 aliyeishika kwa nguvu. Gunia linavuta kwa nyutoni 1,000, yeye kwa 600. Tofauti ni 400, na tungamo linalopaswa kuchapushwa ni lote kwa pamoja, kilo 160. Gawanya: mchapuko ni mita 2.5 kwa sekunde katika kila sekunde. Gunia linashuka na hamali anapanda. Baada ya sekunde mbili yuko mita tano juu ya ardhi.

Na mkazo wa kamba wakati huo? Kwa upande wa hamali ni kilo 60 mara 12.5, nyutoni 750. Kwa upande wa gunia ni kilo 100 mara 7.5, nyutoni 750 vilevile. Si 600, wala si 1,000. Uko katikati, na ni mmoja pande zote mbili, kama kanuni ya kwanza ilivyotuahidi. Msomaji akitaka kuijaribu hesabu hii na wajukuu zake, roda ndogo na mifuko miwili ya mchele inatosha.

Ndani ya jahazi, gofia inaongeza jambo jengine. Kwa kuwa jarari inakwenda mita nne kila foromali inapokwenda moja, kasi ya jarari ni mara nne ya kasi ya foromali, na mchapuko wake pia ni mara nne. Wakati wa kupandisha, hiyo ni baraka. Hakuna mikono inayoweza kuikimbiza kamba upesi hivyo, kwa hiyo foromali hupanda kwa utulivu. Wakati wa kuteremsha, mambo hugeuka.

Khatari ya kuteremsha

Foromali ikishuka kwa kasi ya mita mbili kwa sekunde, jarari inapita mikononi kwa mita nane kwa sekunde. Kamba inayopita kwa kasi hiyo huchuna ngozi kabla mtu hajawahi kuiachia. Ndiyo sababu jarari haikuteremshwa kwa mikono mitupu. Ilizungushwa kwanza kwenye mti imara wa chombo, kisha ikalegezwa kidogo kidogo. Hapo msuguano, ule uliowagharimu watu watatu wakati wa kupandisha, unageuka kuwa mlinzi. Kamba ikizungushwa mara moja kamili kwenye mti, na kipimo cha msuguano kikiwa 0.3, mkazo hupungua takriban mara sita na nusu. Ikizungushwa mara mbili, hupungua zaidi ya mara arubaini. Nyutoni 1,500 za jarari huwa 35 tu, uzito usiofika kilo nne, na mtu mmoja anaweza kuishikilia foromali nzima.

Na ikiponyoka? Tuseme foromali inaanguka huru kwa nusu sekunde, kisha jarari inanaswa. Kwa nusu sekunde hiyo imeshuka mita moja na robo na imefikia kasi ya mita tano kwa sekunde. Sasa lazima isimamishwe, na kila kitu kinategemea umbali wa kusimamia. Kamba zikinyooka kiasi cha kuipa foromali nusu mita ya kutulia, mchapuko wa kuisimamisha ni 25, na mkazo wa henza ni kilo 600 mara 35: nyutoni 21,000, mara tatu na nusu ya uzito. Kamba ngumu isiyonyooka ikiisimamisha ndani ya sentimita 10, mchapuko ni 125, na mkazo ni nyutoni 81,000, zaidi ya mara kumi na tatu ya uzito. Mlingoti nao hupokea mara mbili ya hizo.

Kwa hiyo kamba inayobeba mzigo mwaka mzima bila tatizo inaweza kukatika katika nukta moja, na mzigo haujaongezeka hata ratili. Wazee waliokataza watoto kukaa chini ya foromali wakati inashushwa hawakuwa wakali bure. Na kamba za usumba, zilizosokotwa kwa nyuzi za makumbi ya nazi, zilikuwa na sifa ambayo hesabu hii inaieleza: hunyooka sana kabla ya kukatika. Kamba inayonyooka huongeza umbali wa kusimamia, na umbali huo ndio unaopunguza mchapuko. Usumba ulipendwa kwa kuwa hauozi upesi katika maji ya chumvi. Tukumbuke pia kwamba uliokoa milingoti.

Kutoka Iskandaria hadi kisima cha Batina

Elimu ya kapi ina historia ya kuandikwa ambayo wasomaji wa jarida hili wana haki ya kujivunia. Heron wa Iskandaria, katika karne ya kwanza, aliandika kitabu cha mekanika kilichoeleza mitambo mitano ya msingi: wenzo, kapi, kabari, parafujo, na gurudumu na ekseli yake. Matini yake ya Kigiriki imepotea, isipokuwa vipande. Kilichotufikia kikiwa kamili ni tafsiri ya Kiarabu iliyofanywa katika karne ya 9 na Qusta ibn Luqa, mtu wa Baalbek. Ni kutoka Kiarabu hicho ndipo Carra de Vaux alipokichapisha pamoja na tafsiri ya Kifaransa, mwaka 1893. Bila ya mfasiri huyo mmoja, tungekuwa na fununu tu za kitabu hicho.

Haifai kuruka hapa na kusema kwamba manahodha wetu walikisoma. Ujuzi wa baharini ulipita kwa mkono, kutoka kwa baharia hadi mwana wake. Zilikuwa njia mbili, ya kitabu na ya kamba, na zote mbili zilifikia jawabu moja.

Njia ya mkono ilikuwapo nchi kavu pia. Wenye asili ya Oman watakumbuka, au watakuwa wamesimuliwa, zajara, mtambo wa kuteka maji uliokuwa ukitumika katika mashamba ya Batina. Juu ya kisima palisimamishwa gurudumu la mti, manjur, na kamba ilipita juu yake ikishika ndoo ya ngozi upande mmoja na ng'ombe dume upande wa pili. Manjur ni kapi iliyofungwa, kama roda ya kileleni mwa mlingoti. Haimpunguzii ng'ombe mkazo. Faida yake ni kugeuza mwelekeo, na wenye mashamba waliitumia vilivyo: walichimba njia ya mteremko ili ng'ombe avute akishuka. Ndoo ya kilo 40 inahitaji nyutoni 400. Ng'ombe wa kilo 400, katika mteremko unaoshuka mita moja kwa kila mita kumi, anavutwa mbele na uzito wake mwenyewe kwa nyutoni 400 hivi. Uzito wa ng'ombe uliubeba uzito wa maji, na nguvu za miguu yake zilibaki kwa ajili ya msuguano. Msuguano huo ulisikika: mlio wa manjur ulifika mbali na kisima.

Kuisoma picha

Faida ya hesabu hizi kwa mtafiti wa historia ni kwamba kamba ni hati. Mwaka 1938 na 1939 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alisafiri katika chombo cha Kikuwait cha nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, kutoka Aden hadi Unguja na delta ya Rufiji, kisha hadi Kuwait. Kitabu chake kilitoka mwaka 1940, na picha zake zimehifadhiwa katika Makumbusho ya Taifa ya Bahari, Greenwich, ambako ndugu zetu walioko London wanaweza kuziulizia. Kule Sur, chombo Fath al-Khayr kimehifadhiwa kionekane na kila mtu. Na majahazi ya Lamu bado yanapandisha matanga.

Mwenye picha ya namna hiyo, hata ile iliyofifia katika albamu ya familia, afanye mambo matatu. Kwanza, ahesabu mapito ya jarari baina ya kapi mbili. Pili, alinganishe unene wa henza na wa jarari: uwiano wa vipenyo, ukizidishwa kwa wenyewe, unapaswa kukaribia idadi ya mapito. Ukipishana nayo sana, huenda kamba moja imebadilishwa, au iliyopatikana bandarini ndiyo iliyotumika. Tatu, ahesabu watu walioshika kamba. Idadi yao, mara nyutoni 300 hivi, mara mapito, ikipunguzwa kwa msuguano, inampa kikomo cha uzito wa foromali ile. Kutoka uzito wa foromali mtu anaweza kuukadiria ukubwa wa tanga, na kutoka tanga, ukubwa wa chombo na idadi ya mabaharia wake. Ni makadirio tu. Lakini kwa chombo ambacho hakuna daftari lililobaki lake, makadirio yenye sababu ni bora kuliko kukisia.

Picha lakini haitoi majina. Hayo yako kwa wazee, nao hawaulizwi. Mara nyingi tunapoketi nao tunawauliza walifika bandari gani na mwaka gani. Tuwaulize pia kamba ile uliyoivuta wewe iliitwaje. Ilizunguka mara ngapi. Nani alishika ncha, na nani aliimba. Mzee aliyesahau mwaka wa safari huenda hajasahau idadi ya mapito ya jarari, kwani hiyo aliihesabu kwa mikono yake. Jawabu lake liandikwe kwa neno lake mwenyewe, kwa matamshi ya bandari yake, pamoja na unene wa kamba kama atakavyouonyesha kwa vidole.